Vibua Bila Chumvi

Jumapili, 17 Machi 2024

Mwalimu Saadon kaja baada ya alasiri, koleo mkononi. Juu ya koleo, mavi ya paka. Mafungu manne.

"Ya leo tu haya, Ayu. Nayahesabu."

Jirani wa ukuta mmoja. Alinifundisha hesabu darasa la tatu, na mpaka leo nikisimama mbele yake sijui mikono niiweke wapi. Ana bustani ya mboga za kula mbichi, za kuchovya kwenye sambali ya pilipili. Mtu kafunga, anatoka kuchuma mboga ya futari, anashika najisi! Nimemwomba radhi mara tatu. Paka wangu, Kicap na Belacan, wamelala juu ya vitambaa vyangu vya kushona, hawana habari.

Jumanne, 19 Machi

Kundi la mtaa kwenye simu halinyamazi. Mwalimu kaweka picha za mavi. Wengine wanacheka, wengine wanataka manispaa ilete mitego. Halafu Dada Maznah wa nyumba ya mwisho akaandika mstari mmoja: paka wake wanne wa Januari, wale waliokula samaki wa kukaanga. Akaufuta. Nilikuwa nimeshausoma. Walikufa wote siku moja, povu mdomoni. Hakuna aliyewahi kuuliza nani kawapa.

Naogopa. Basi, nimesema.

Nimejaza beseni mchanga, nimefunga madirisha yote. Kicap katokea dirisha la choo.

Alhamisi, 21 Machi

Nimefanya upuuzi. Adhuhuri, Mwalimu alipokwenda msikitini, nikaruka ukuta na mfuko wa plastiki, nizoe mwenyewe kabla hajaona. Akarudi mapema. Kanikuta nimechuchumaa katikati ya miche yake ya manjano. Nilisubiri anigombeze.

"Toka, mwanangu, utachafuka," akasema. Akanifungulia geti.

Afadhali angenitukana. Tangu mchana najiuliza kaamua nini.

Jumamosi, 23 Machi

Saa kumi na moja jioni. Sahani imepita juu ya ukuta. Vibua watatu wa kukaanga, wa moto bado.

"Hawa wa paka wako," kasema Mwalimu. "Sikutia chumvi. Wakishiba kwako hawatakuja kwangu."

Akatabasamu. Mkewe ana miaka sita kaburini, na sijawahi kumwona akikaanga kitu. Futari yake hununua.

Nimepokea, nimeshukuru. Ningesemaje? Nimwambie mzee wa watu, tena kafunga, kwamba ananiletea sumu? Na labda si sumu. Labda ni vibua tu, na mimi ndiye mwenye roho mbaya.

Kutupa siwezi, paka wa mtaa wanafukua jalala. Nimeweka juu ya kabati la jikoni, nimefunika kwa kawa. Nikirudi nitachimba shimo. Mama sijamwambia, atasema namchafulia Mwalimu jina mwezi mtukufu. Kicap na Belacan nimewafungia chumbani. Napeleka nguo za Idi za mteja, nusu saa tu.

Jumamosi hiyohiyo

Foleni. Magharibi imenikuta darajani.

Nimeingia ndani, Mama kashafuturu. Kawa liko sakafuni. Mezani mifupa ya samaki watatu.

"Vibua wa Mwalimu watamu," anasema, "ila kasahau chumvi. Nimewatilia sambali." Sahani kashaiosha, kapanga ndani vipande vya keki ya muhogo. "Mrudishie kabla ya tarawehe. Usinitie aibu kwa kumrudishia sahani tupu."

Nikamuuliza anajisikiaje.

"Tumbo linawaka kidogo. Pilipili hiyo." Akajifuta jasho.

Nilijua. Nilijua nikanyamaza, nikamwachia chakula kile nyumbani mwake mwenyewe.

Nikaenda kugonga kwa Mwalimu. Kaangalia keki, kafurahi kabisa. "Paka wamekula?"

"Mama amekula."

Hakuuliza kala wangapi. Sahani aliiweka chini pale mlangoni, akachukua funguo za gari.

Sasa tuko barabarani. Naandika kiti cha nyuma, kwenye daftari hili hili la vipimo, ili mikono ipate kazi. Mama kakaa mbele na vazi lake la sala. Analalamika tarawehe inampita, nani kasikia mtu anapelekwa hospitali kwa pilipili. Anamuuliza Mwalimu alikaanga kwa mafuta gani, maana ulimi umekuwa mzito. Anamuuliza tena.

Mwalimu kapita taa nyekundu ya pili. Hana viatu.