Mafuta ya Cherehani Kwenye Breki

Nyumbani, meza ya jikoni,
Jumapili asubuhi, tarehe tisa mwezi wa sita.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Miaka miwili na miezi minne! Nimehesabu vidole vya mikono na vya miguu mpaka vimeniishia. Kazi gani hiyo ya kutengeneza lifti isiyo na siku ya kushuka? Watu wa huko wana miguu. Wapande ngazi juma moja, wewe uje unione.

Haya, nimeshagomba, sasa nakusalimu. U hali gani? Kile kikohozi kimekuacha? Mkeo hajambo? Na huyo mtoto wenu, meno yameota au bado anatafuna vidole? Sisi wazima. Goti langu la kushoto linalalamika, lakini silisikilizi.

Paa la jikoni limezibwa. Ndoo nimeirudisha kwenye kazi yake ya kuchotea maji. Shangazi yako kahamia chumba cha nyuma na makopo yake yote ya maua, na sasa kwenda bafuni unapita kwa ubavu.

Naandika kwa mkono wangu. Darasani sikuingia, unajua, herufi nilizichungulia kwenye madaftari yenu huku napika. Ukikuta zimeyumba, zisome hivyo hivyo.

Sasa habari yenyewe. Ni ya mdogo wako, Nyigu. Bado mwembamba, bado anauma. Bwana misitu alitangaza kazi ya kuongoza watu wanaokuja kuendesha baiskeli msituni. Masharti: uzunguke njia nzima, kilomita kumi na nane, kwa saa mbili na nusu, na njiani baiskeli yako asiiguse mtu mwingine. Ukishindwa, hakuna mara ya pili. Wakajiandikisha wanne, yeye peke yake mwanamke. Nilimwambia aende. Tangu umwone mara ya mwisho yuko kwa dobi, anapiga pasi mashuka kutwa nzima, na mikono yake imechubuka kama ya mzee kuliko mimi. Msichana yule hakuzaliwa kukunja mashuka.

Miezi mitatu alifanya mazoezi. Alirudi na matope hadi masikioni, magoti yamechunika, anacheka. Sehemu iliyomtisha ni moja tu, ile wanayoiita Mbavu. Ni mteremko mkali, mizizi imeukata njia nzima kama mbavu za ng'ombe aliyekonda, na chini yake kuna kijito chenye mawe. Bila breki pale, ndugu zako wangekuja kukuokota kwa kapu.

Sasa nisikilize vizuri, na usicheke kabla sijamaliza. Breki za baiskeli yake zilikuwa zinapiga kelele. Kiii! Kiii! Kama mbuzi aliyefungwa juani. Na wewe unajua nyumba hii: kinacholia hupewa mafuta. Bawaba hupewa, kufuli hupewa, cherehani yangu imeshona miaka arobaini kwa sababu hiyo. Basi jana Jumamosi asubuhi, siku yenyewe ya kujaribiwa, Nyigu akiwa anaoga, nikachukua kale kakopo kangu ka mafuta ya cherehani, nikazitilia breki zote mbili, mbele na nyuma, zile raba pale zinapobana gurudumu. Nikafuta na ukingo wa gurudumu vizuri, ung'ae. Nilijiona nimefanya jambo la maana sana.

Akaondoka hajui. Kutoka hapa hadi geti la msitu ni mlima mtupu, hakuna pa kushika breki.

Mimi nikapita kwa Fundi Spoku, yule wa baiskeli, nimringie kidogo. Nikamwambia leo utasikia kimya, nimezitia mafuta. Spana ikamtoka mkononi.

"Bibi, umetia wapi?"

"Kwenye raba."

"Mama yangu! Bibi, hiyo ni breki, si bawaba! Itashika nini sasa?"

Mjukuu wangu, hapo ndipo nikaelewa nilichokifanya. Fundi akataka kumkimbilia kwa njia ya baiskeli. Nikamwambia kwa kitambi hicho hutamfikia. Njia ile inazunguka mlima wote kabla ya kufika Mbavu. Mimi nilibeba kuni katika msitu ule tangu sijaota matiti, najua pa kukatia. Nikavua ndala, nikafunga mtandio kiunoni, nikapanda.

Nilipanda kwa mikono na miguu. Goti lilipiga kelele, nikalitukana. Nikatokea juu ya Mbavu, na pale amekaa askari wa msitu na daftari lake, akashtuka kama ameona fisi. Kabla hajanisalimia nikasikia mnyororo. Nikasimama katikati ya njia na kutanua mikono.

"Simama! Breki hazina kitu!"

Alisimama kwa kuburuta viatu vyake, vumbi likaruka. Alikuwa ameshaona zinateleza kwenye kimteremko cha nyuma, akadhani ni umande. Nikamweleza. Jinsi alivyoniangalia, sitaki kuangaliwa hivyo tena.

"Bibi. Mafuta? Kwenye breki?"

"Nisamehe."

Ndiyo, nimelisema neno hilo. Muulize askari, alikuwepo.

Nikainama nifute kwa mtandio. Askari akanyoosha kalamu. "Bibi, kuongea ruhusa. Ukigusa tu, binti katoka." Basi nikaficha mikono kwapani, nikaibana. Maisha yangu yote sijafanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu.

Nyigu machozi yalimjaa. Nikamwambia utalia nyumbani, hapa sugua. Akavua kitambaa chake cha kichwa. Akasugua ukingo wa magurudumu kwa vumbi kavu, akafuta, akasugua tena. Zile raba akazitoa, akazikwaruza kwenye jiwe mpaka zikatoka ngozi mpya, akazirudisha. Mikono ile ile ya pasi. Dakika kumi na moja zilikwenda, askari aliziandika. Kisha akaisukuma baiskeli mbele, akabana breki.

Kiii!

Nilipiga kigelegele, ndege wote wakaruka.

Akashuka Mbavu. Makalio nyuma ya kiti, karibu yaguse gurudumu, mikono imelegea kama anapeta mchele, baiskeli inaruka mzizi hadi mzizi na breki zinalia njia nzima. Sikufumba macho hata kidogo. Akavuka kijito, akasimama kwenye pedali, akaupanda mlima wa pili bila kugeuka.

Alifika getini zimebaki dakika nne. Mwingine mmoja naye alifika, mapema kuliko yeye. Bwana misitu akasoma daftari la askari, akamuuliza yule aliyetangulia kufika, ikikatika mnyororo na wageni wako katikati ya msitu, atafanya nini. Akajibu atapiga simu. Kule simu hazishiki! Kazi kapewa Nyigu. Nikasema basi mafuta yangu yamesaidia. Akasema, "Bibi, usithubutu," na hakuzungumza nami mpaka nilipompelekea chai kitandani. Kakopo amekafungia sandukuni mwake, na ufunguo anao yeye. Cherehani yangu sasa inaomba ruhusa.

Nisalimie mkeo, na mama mkwe wako, na yule binamu yako kinyozi mwambie nywele zangu zinamngoja. Shangazi na Nyigu wanakusalimu. Mungu akulinde juu ya hizo kamba za lifti, akurudishe na mifupa yako yote.

Ukija, na uje kabla mwaka haujaisha, usianzie kwangu. Nenda moja kwa moja getini, andika jina lako kwenye daftari la mdogo wako kama mgeni yeyote, panda baiskeli, umfuate nyuma. Na akikwambia shuka, shuka.

Ni mimi, bibi yako, nikupendaye hata ninapokugombeza.