Moyo wa Baba

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi na watoto. Natumaini kifua cha kitindamimba kimepona na wifi sasa anapata usingizi. Sisi huku tupo, mwili tu umechoka. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua akipanda ngazi, ila ulimi wake, kama unavyoujua, haujapata hitilafu.

Kazi imenielemea. Pale mochwari tumebaki madaktari wawili, feni imekufa, na harufu ya dawa hainitoki hata nikioga. Nikivua glavu jioni najiuliza ni nani aliyenituma huku.

Aliyenituma namjua. Ni yule mtoto mliyemwita Bi Kwanini, aliyengoja kuku achinjwe ili adai moyo, si wa kula, wa kupasua. Ulikuwa ukinicheka mpaka unashika mbavu. Kisha baba akaanguka getini, mzima wa afya, nami nikawauliza watu wote kilichomuua. Shangazi alinifukuza, akasema mtoto hachimbi mambo ya wakubwa. Baadaye nikamsikia akiwanong'oneza wenzake kwamba mama ndiye aliyemmaliza, maana asubuhi ile walikuwa wamegombana. Tangu hapo mdomo ulinyamaza, lakini swali halikunyamaza. Nilikwenda nalo shuleni, nikaenda nalo chuoni, likanifikisha kwenye meza ninayosimama leo.

Tulipomzika mtoto wa baba mdogo, yule fundi wa magari, ulirudi kazini mapema, hukusikia majibu ya uchunguzi. Mimi sikumgusa. Hairuhusiwi, na nisingeweza. Mwenzangu ndiye aliyemchunguza, nami nikakaa kwenye benchi la nje kama mfiwa mwingine yeyote. Alipotoka alivua barakoa, akaketi karibu nami. Alinieleza kwamba misuli ya moyo ilikuwa imenenepa kupita kiasi, na kwamba ugonjwa huo mara nyingi hurithiwa. Kisha akaniuliza taratibu, "Kwenu kuna mwingine aliyewahi kwenda ghafla?"

Kaka, nililia pale pale, na wahudumu wakipita.

Nilimweleza mama jikoni. Nikamwambia siwezi kuapa, kwa sababu baba hakuchunguzwa, lakini kila kitu kinaelekea huko. Aliweka kisu chini, akaacha chakula mpaka kikaanza kuungua.

"Kwa hiyo si maneno yangu?" akaniuliza.

Nikamwambia si maneno yako, mama, hayakuwa maneno yako hata siku moja. Hakulia. Alizima jiko, akaingia chumbani, akalala mchana kutwa, yeye ambaye hatujawahi kumwona akilala mchana. Nilifungua mlango mara kwa mara kuangalia kama anapumua. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiubeba mzigo ule peke yake, na sisi tukidhani ni ukali tu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelizungukazunguka tangu nishike kalamu. Nami nimepimwa. Ninao. Daktari wa moyo amenianzishia dawa na kunikataza kunyanyua vitu vizito. Anasema wapo wengi wanaozeeka nao, mradi wajitunze. Uchovu huu niliousingizia kazi, kumbe sehemu yake ni ugonjwa. Mama sijamwambia. Sina nguvu ya kumwambia peke yangu.

Kwa hiyo nakusihi, acha mpira wa jioni mpaka upimwe, na watoto nao wapimwe. Najua utanijibu kwamba wewe ni ngangari. Baba naye alikuwa ngangari. Kila siku nafunua shuka na kukuta wanaume wa umri wako, wenye miguu ya wachezaji, na ndugu zao wako nje wananisubiri niwape sababu. Nimechoka kuwapa watu sababu zilizochelewa. Hii moja nakuletea mapema.

Daktari wangu wa huku nimeshazungumza naye, anakungoja. Mwambie wifi asiogope, ila asikupe amani mpaka akuone umepanda basi. Wabusu watoto wote kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako, ninayetaka tuzeeke pamoja.