Mguu Mwepesi wa Julia

Kitangari, Newala
Kwaresima, 1957

Shemeji yangu Emilia,

Pokea marahaba kabla hujaniamkia, maana mkubwa ni mimi. Lupaso hamjambo? Mikorosho ilizaa? Huku tu wazima, ila magoti yanauma kidogo, nayo bado yananiheshimu. Barua hii naandika kwa mkono wangu, sikumpa mwalimu. Ukiona herufi zimelala, ziamshe.

Binti yangu, mwanao Julia, tangu ateleze bondeni na ndoo ya maji hata akakatwa mguu, hatoki. Mguu wa mti waliompa hospitali ni mzito kama mchi. Anashinda ndani, anatazama ukuta.

Sifa zangu zimekufikia? Niliyeyusha sufuria kuukuu, zikaumuka chunguni kama maandazi. Zilipopoa, bonge lote vitundu ndani kama mkate, jepesi hata likaelea mtungini! Mhunzi gani mwingine, toka Masasi mpaka Makote, amefanya madini yaelee? Nikatangaza kanisani kwamba nitamtengenezea Julia mguu wa madini hayo. Padre naye akasema Pasaka Julia atatembea nao mpaka altareni. Vigelegele!

Sasa shemeji, nimebanwa. Kila nikiyeyusha, linatoka bonge zito kama jembe. Watu wanagonga mlango wa kiwanda. Mtani wangu Sadallah anauliza kama mguu umeondoka peke yake. Nawajibu dawa yangu haiharakishwi, kisha najifungia. Julia ameshashona gauni la Pasaka.

Dawa sina. Siku ile ya bonge jepesi nilishika kopo la ugoro la marehemu dada yako Veridiana. Ndiyo, mimi niliyemsimanga kwa ugoro miaka yote. Tangu tumzike naunusa kila asubuhi, nimpate kidogo. Nikapiga chafya, kopo zima likamwagikia chunguni. Katika ugoro wake alitia magadi na nini tena, sijui, sikuwahi kumuuliza. Wewe unajua, mlifundishwa pamoja na mama yenu.

Usiniandikie, usimtume mtu. Njoo mwenyewe, uusage ugoro hapa penye moto. Najua mwanamke haingii kwa mhunzi. Hata dada yako chakula changu alikiacha nje. Wewe mlango nitakufungulia mimi, mchana kweupe, Sadallah akitazama.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako. Na ukishausaga, usiumalize wote motoni. Niachie wa kunusa.

Ni mimi shemeji yako, mhunzi mkuu wa Kitangari,
Bartholomayo