Mafuta Yako Kwenye Karatasi ya Kendi

Mama,

Usinikasirikie kwa kuanza bila salamu, sina utulivu huo. Matokeo ya darasa la nane yanatoka leo. Simu nimeiweka hapa mezani, naichungulia kama maziwa yaliyo motoni. Afadhali nikuandikie kuliko kuzunguka jikoni nikivunja vikombe.

Shida ni mafuta yako. Ile chupa uliyokuwa ukienda nayo kanisani siku ya kuwaombea watahiniwa, ukipaka penseli zao pale mbele. Tangu tukuzike hakuna aliyekuwa ameigusa. Siku ya maombi ilipofika nikawapa akina mama wenzako, nikasema mjukuu wako Kendi naye aguswe na mkono wa shosho wake. Haki nilijivuna! Lakini wewe ulikuwa unachovya ncha ya kidole, unagusa kitako cha penseli, basi. Mtu akitaka uongeze unamwambia, "Kidogo tu, hatukaangi chapati hapa." Wenzako walimimina, Mama. Penseli, rula, kifutio, vyote viking'aa. Mimi niko hapo nyuma nasema amina.

Basi kwenye mtihani wa hisabati penseli ikamteleza Kendi, na karatasi ya majibu ikaingia doa la mafuta. Na karatasi hizo hazisahihishwi na mwalimu. Mtoto anapiga kistari cheusi ndani ya kisanduku cha jibu, halafu mashine inaimulika karatasi na kusoma vile vistari. Palipo na mafuta penseli haikukamata. Akafuta, na kifutio nacho kina mafuta, doa likatambaa. Msimamizi akamwambia aendelee tu, hakuna karatasi nyingine. Alirudi nyumbani hata uji hakuonja.

Nikamwendea Mwalimu Kirimi, yule anayewafundisha hisabati, anipe moyo. Alikuna kichwa tu. Ati mashine haiulizi mtu alitaka kusema nini. Ikiona kistari inahesabu jibu, isipokiona inapita. Mwalimu angeona lile doa akajua mtoto alihangaika. Lakini mashine itajuaje kwamba ni huyu huyu aliyekuwa akikusomea Biblia kitandani, ukimwambia, "Rudia hapo, ulikimbia"?

Naogopa, Mama. Alama naziogopa, ndiyo, lakini naogopa zaidi kwamba atakuchukia. Picha yako ya sebuleni aliigeuza ikatazama ukuta siku ile ile, na jina lako hataki kulisikia. Baba huiona akipita, anaiacha ilivyo. Hisabati ikikosekana leo, mtoto atakua akijua shosho wake ndiye aliyemfelisha. Nitamwambia nini?

Ningekupa habari nyingine, kahawa ya kule chini mtoni imechanua vizuri, ng'ombe wako bado ana kiburi, lakini jicho liko kwenye simu. Ngoja. Simu inalia, ni Mwalimu Kirimi.

Mama, mashine imesoma! Hisabati imo. Si alama za kupigiwa vigelegele, na doa limekula majibu kadhaa, hilo Mwalimu Kirimi hakunificha. Lakini imesoma, na shule ataipata. Nimelia hadi Baba akaja mbio akidhani kuna msiba mwingine.

Kendi hakulia. Ameniuliza wewe ulikuwa unapaka wapi hasa. Nikachukua penseli nikamwonyesha: hapa nyuma, kwa ncha ya kidole, mbele panapoandika hugusi. Akaipokea hiyo penseli, akagusa kitako chake kwa kidole. Kisha ameinuka, akaenda sebuleni, na sasa picha yako inatutazama tena. Ameipangusa kioo kwa mkono wa sweta.

Pumzika sasa, Mama, nami nijaribu kula kitu. Zamu ya mdogo wake ikifika, chupa haitoki mkononi mwangu. Nitagusa kitako tu, kwa ncha ya kidole, na atakayetaka niongeze nitamwambia hatukaangi chapati hapa.

Mwanao,
Gatwiri