Kengele Kutoka Fizi

Jumatatu, 4 Novemba

Nimefungua ofisi ya kanisa, nimefuta vumbi kwenye klavie, nimeunga batri. Skrini imechelewa kama kawaida yake. Kisha ule ukijani. Nimebonyeza RETURN, Wilondja akajibu kutoka Fizi: nipo, Mama Riziki.

Rezo ya simu, ule mtandao, bado imekufa. Mji mzima wa Baraka unarudi kwenye mashini hii ya wazee. Haina akili yake yenyewe: klavie, skrini, na waya unaoingia kwenye redio. Ninachoandika hapa kinatokea kule mlimani kwa Wilondja. Anachoandika yeye kinatokea hapa. Leo yamepita maneno ya mgonjwa mmoja, ya posa, na ya mtu anayeulizia mbuzi wake.

Maandishi yakija mbio nashika CTRL pamoja na S. Yanasimama, nasoma. CTRL na Q, yanaendelea. CTRL na G haiandiki chochote. Inapiga kengele upande wa pili. Wilondja akisinzia namwamsha hivyo. Hapendi.

Huko kwake mvua haikatiki. Hapa jua kali.

Nikirudi nyumbani nimepita darajani. Mto umepungua. Mvua yote hiyo mlimani unakotoka, na mto unapungua. Sikuelewa.

Jumanne, 5 Novemba

Umepungua zaidi. Bamama wanafua nguo katikati ya mto, mahali ambapo juzi mtu angezama. Watu wanacheka, wanaokota samaki kwenye madimbwi.

Mdogo wangu Apendeki anakaa kule chini, kwenye kartie ya mwisho, mtaa unaogusa mto. Mume wake Alimasi anafyatua matofali. Nimemkuta amesimama ndani ya mto wenyewe, anachimba udongo, matope mpaka magotini.

"Shemeji, ona! Mungu ametufungulia."

Sikupenda namna ile ya maji. Hayakuwa na sauti.

Alasiri Wilondja ameandika. Watu waliotoka mashambani wanasema kipande cha mlima kimeanguka bondeni na kuziba mto. Nyuma yake maji yanakusanyika. Kuna migomba imezama, vichwa tu vinaonekana.

Nimesoma mara mbili.

Tumepatana. Udongo ukivunjika, hataandika neno. Atapiga kengele tu, bila kuacha.

Jumatano, 6 Novemba

Nimemwambia Pasta. Hakucheka, ila hakukubali.

"Mama Riziki, batu bataniuliza nabakimbiza sababu gani. Maji haiko. Wakihama bure leo, kesho hawatanisikia tena."

Anasema kweli. Hilo ndilo linaloniudhi.

Nikaenda kwa Apendeki kuwaambia wahamie kwangu. Tanuru la matofali yaliyokauka zamani limeshawashwa. Alimasi ametia kuni nyingi, jasho linamtoka, ana furaha ya mtu anayeona mwisho wa kazi.

"Moto ukizimika sasa, matofali yote inaharibika. Acha iive, shemeji, kisha tutakuja kwako wote."

Apendeki alikuwa anamsogezea kuni. Anamfuata mume wake katika kila kitu. Nimeondoka na hasira. Naogopa. Nimeandika naogopa, basi.

Alhamisi, 7 Novemba

Siku mbaya.

Radi tangu asubuhi, huku na mlimani. Kengele haikulia, ila skrini iliharibika. Wilondja alianza kuandika, na badala ya maneno vikatoka vijistari, pembe, misalaba midogo. Mstari mzima wa vipande vya masanduku. Nikaona W moja, F moja, basi. Nilidhani mashini imekufa mikononi mwangu.

Kisha nikakumbuka. Kuna alama ya CTRL na N. Skrini ikiipokea, inaacha herufi ndogo na kuchora mistari mahali pake. CTRL na O inairudisha. Radi imeingia redioni, ikaleta N ambayo hakuna aliyeibonyeza.

Nimemwomba Wilondja atume O. Ametuma. Maneno yakarudi, nikasoma neno "udongo", radi ikapiga, mistari tena. Akatuma tena. Radi tena. Nikataka kulia.

Herufi kubwa hazibadiliki. Hilo nalo limenijia nikiwa nimeshika kichwa. Nikaandika: ANDIKA KWA HERUFI KUBWA TU.

Nikasubiri. Zikaja moja moja:

UDONGO UNAVUJA. MAJI INAYOTOKA CHINI NI YA MATOPE. TOA BATU MAMA RIZIKI. TOA BATU.

Nimemwita Pasta asome mwenyewe. Alisoma amesimama, mkono kwenye kiti changu. Akaenda kuchukua kipaza sauti, akashuka mtoni kwa miguu, mvua ikimnyeshea. Mpaka jioni nusu ya kartie ilikuwa imepanda shuleni na magodoro. Nusu nyingine inasema kesho.

Apendeki ameniletea watoto wake. Yeye amerudi kwa mume wake. Nilimshika mkono, akautoa polepole.

Ijumaa, 8 Novemba

Kengele.

Ilikuwa mchana. Nilikuwa nakula muhogo. Ikalia, ikalia, haikunyamaza. Skrini tupu, hakuna herufi hata moja, kengele tu. Nikamjibu kwa G moja ili ajue nimesikia. Nikapiga kelele kwa Pasta, akakimbilia ile rimu ya gari inayoning'inia nje ya kanisa, akaipiga kwa chuma.

Nilikimbia. Kwa mwili huu na umri huu. Watu walikuwa wanapanda, mimi nashuka. Nimemkuta Apendeki njiani, amebeba sufuria na Biblia.

"Yaya, dada yangu, usishuke. Anakuja. Anafunga mdomo ya tanuru, anakuja."

Nilimwona kutoka pale. Alimasi, mgongo wazi, anabandika matope haraka haraka kwenye milango ya moto ili joto libaki ndani. Nikamwita. Akageuka, akainua mkono: nakuja. Akachota matope mengine.

Kwanza ulikuja upepo. Upepo baridi wenye harufu ya shamba lililolimwa. Kisha mlio. Kisha ukuta wa kahawia wenye miti mizima ndani yake.

Tanuru lilipasuka kama bomu, mvuke mweupe mpaka juu.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili, 10 Novemba

Wavuvi wa upande wa Nundu wamempata Alimasi ziwani, kule mto unakoishia. Wamemleta kwa mtumbwi, wamemfunika kitenge. Tumemzika leo.

Katika kartie nzima aliyekufa ni yeye peke yake. Watu wananishika mikono, wanashukuru, wananiita mama wa kengele. Nawaacha waseme. Namkasirikia Alimasi. Namkasirikia mtu aliye kaburini, na sioni haya. Milango ile ya tanuru! Angeiacha.

Baada ya mazishi nimeingia ofisini. Wilondja alikuwa ameuliza tangu juzi: wote wamepona? Swali liko pale, na chini yake ameliuliza tena. Nikaandika: wote, isipokuwa Alimasi. Kisha kidole kikakaa juu ya RETURN. Nikiibonyeza itakuwa kweli na mlimani pia.

Nimeibonyeza.

Wilondja akauliza: alikuwa mtu wa namna gani?

Nimemwandikia. Muda mrefu. Kwamba alikuwa anaimba vibaya kanisani na kwa sauti kubwa. Kwamba hakuwahi kumpiga mdogo wangu. Kwamba aliniita shemeji hata nilipomgombeza. Wilondja hakunikatisha.

Jumatano, 13 Novemba

Apendeki anakaa kwangu sasa, na watoto. Jana nimemnyoa kichwa kwa ajili ya msiba. Alikaa kati ya magoti yangu kama zamani tulipokuwa wadogo, akafumba macho. Hakulia. Ana kovu nyuma ya sikio ambalo nilikuwa nimelisahau.

Leo amepika yeye. Ugali, ndagala, lengalenga. Tumekaa wote sakafuni.

Mvua imeanza tukiwa tunakula. Watoto wameacha kutafuna, wote mara moja, wakasikiliza. Mdogo kabisa akamtazama mama yake.

Apendeki akachukua kijiko, akawaongezea mboga.