Nilimlilia Baba Stesheni ya Dodoma

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Najua tangu mumzike baba hujalala vizuri, kwa hiyo siulizi kama hujambo. Nauliza kama unakula, na kama miguu imeacha kuvimba. Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia.

Doto alinipigia simu dukani kwa jirani, akaniambia majirani zetu wa Igogo wanauliza mimi pacha wake nilikuwa wapi siku ya maziko. Mama, nilikuwa njiani. Nilipopata habari tu nilifunika cherehani, nikapanda treni na kanga zangu mbili. Tulipofika Dodoma wakatushusha wote. Mvua ilikuwa imebeba tuta la reli huko mbele, na barabara ya Singida ilikuwa tope tupu, hakuna basi lililothubutu. Nikamwendea mkuu wa stesheni.

"Baba yangu anazikwa kesho Mwanza," nikamwambia.

"Mwanangu, ningekuwa na reli ningekupeleka," akasema. Niliona anasema kweli. Nikakaa chini palepale, nikalia.

Mwanamke mmoja muuza chai akaja kuniinua. Akanitazama sana usoni.

"We si binti wa Mzee Masanja wa kiwandani Mwanza? Si ulikuwa chumba cha kukunja vitambaa?"

Alikuwa Veronika, yule Mkerewe aliyekuwa akifuma kwenye mashine ya jirani na ya baba. Kiwanda kilipofungwa alimfuata mumewe Dodoma. Nilipomwambia baba amefariki, aliliacha birika lake likichemka, akaketi chini, tukalia kama watoto wa tumbo moja.

Alitandika kanga pembeni ya ukumbi wa abiria, tukakaa matanga, mama, sisi wawili. Tulimzungumza baba. Nilimsimulia alivyokuwa akirudi zamu kichwa kimejaa vumbi la pamba, mimi na Doto tukigombania kumpuliza nywele mlangoni, nawe ukitufokea tusikuletee pamba kwenye ugali. Veronika akacheka huku machozi yanamtoka. Naye akaikumbuka sauti ya baba, ile ya kupaza, aliyoizoea kwa ajili ya ngurumo za mashine, hata akisalimia watu nje ya kanisa wengine wanageuka wakidhani kuna ugomvi.

Kisha akaniambia jambo nisilolijua. Siku tulipotangaziwa kwamba kiwanda kinafungwa, sisi wa kukunja tulishatolewa nje getini. Ndani, msimamizi aliamuru mashine zizimwe saa ileile. Baba alikuwa na kitambaa kimefika nusu. Akaomba akimalizie tu. Wakakataa, wakakata umeme. Veronika anasema chumba kilinyamaza hadi akaogopa. Baba alibaki ameweka kiganja juu ya nyuzi.

"Vero," akasema, "hiki sasa atakivaa nani?"

Veronika anasema ilikuwa mara yake ya kwanza kumsikia baba akiongea kwa sauti ya chini.

Mama, ndiyo sauti aliyorudi nayo nyumbani. Unakumbuka ulidhani ni koo, ukamchemshia tangawizi siku nyingi? Haikuwa koo. Na kule kukaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba akilitazama ziwa, ukimwita chakula haitiki, sasa nimeelewa sababu yake.

Reli haikufunguka. Veronika alinilisha hadi treni ya waliokwama ilipoturudisha Dar. Nipo tena kwenye cherehani, napunguza viuno vya suruali za mitumba, nguo zilizofumwa nchi nisizozijua. Wateja wanasema nashona vizuri. Wakati mwingine nasimamisha cherehani, nafuta macho, naendelea.

Nisalimie shangazi wa Igoma, najua ndiye aliyekushika mkono kaburini. Nisalimie mke wa Doto, aliyempikia baba uji hadi mwisho, na yule fundi viatu jirani yetu aliyebeba jeneza kana kwamba ni la baba yake. Mwambie kila anayeuliza kwamba nilikuwa njiani.

Na Doto mwambie asimwite kwanza fundi wa saruji. Wakishatengeneza reli nitakuja. Nataka nilikute kaburi bado ni udongo, nami niweke wangu kwa mkono.

Mwanao anayekulilia,
Kulwa