Picha Mbili za Figo ya Philister

Kileleshwa, 6 Machi 1989

Shemeji Mwololo,

Salamu nyingi. Mimi na watoto tu wazima. Wewe je, na kazi ya eksirei huko mjini?

Dada yangu Philister, mkeo, yuko kwangu. Alifika jana amejikunja, mkono ubavuni, akitapika. Anasema mwezi Januari ulimpiga picha mwenyewe, ukamwambia figo ni safi, anajifanya mgonjwa ili asiende kumhudumia mama yako. Ukawaambia hata wenzake wa saluni pale Kenyatta Market. Ni kweli?

Shemeji yako,
Nashon Oloo

Nairobi, 9 Machi

Shemeji Nashon,

Asante kwa salamu, mimi sijambo. Picha nimeitia ndani ya bahasha hii, uione mwenyewe. Figo haina jiwe. Mimi nasoma picha mwaka wa kumi na moja sasa. Wewe ni fundi wa mbao. Mpe chai, halafu umrudishe nyumbani.

Shemeji,
Mwololo

Kileleshwa, 21 Machi

Mwololo,

Mimi mzima. Afya yako sitaiuliza.

Nilimpeleka altrasaundi. Mama mmoja alimpaka mafuta baridi, akapitisha kifaa ubavuni, akatuonyesha kwenye kioo cha mashine: jiwe kubwa kuliko harage, na figo imevimba kwa usaha. Nikamwambia eksirei ilikuwa safi. Akasema, "Kuna mawe ambayo eksirei huyapita tu, hayaachi kivuli. Ndiyo maana mgonjwa hudungwa dawa mshipani apigwe picha tena, au huletwa hapa. Mpiga eksirei yeyote anajua hilo."

Yeyote, Mwololo.

Jumatano alipasuliwa. Figo imetolewa.

Nimesikia Daktari Gurmeet, mwenye kliniki yenu, ananunua mashine ya altrasaundi, na wewe ndiye utakayefundishwa kuiendesha. Kesho nampelekea picha zote mbili, ile yako na ile ya yule mama. Kichwani mwangu nimeshavaa suti ya kwenda huko.

Nashon

Nairobi, 2 Aprili

Shemeji,

Pole kwa kuuguza. Umefanya ulichosema.

Daktari aliziweka picha mezani mbele yetu sote. Akaniuliza, "Ulijua kuna mawe yasiyoonekana kwa eksirei?" Nikasema nilijua. "Mbona hukumpeleka kwingine?" Mashine amepewa mwenzangu Nthiwa. Mimi nimefutwa kazi.

Ukweli ni huu: tulikuwa tumegombana juu ya mama. Nilipoiona ile picha safi nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimemshinda. Sikutaka kutafuta zaidi.

Umeshaninyoosha. Naomba nije kumwona mke wangu.

Shemeji yako,
Mwololo

Kileleshwa, 10 Aprili

Mwololo,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Nimeandika hivyo kwa sababu Philister amekaa hapa karibu, na amenitaka nianze kwa adabu.

Nilipomwambia umefutwa kazi nilidhani atafurahi. Mimi nilifurahi, usiku huo nilikula sahani mbili. Yeye aliuliza tu, "Ulifanya hivyo kwa ajili yangu au kwa ajili yako?"

Nikamsomea barua yako. Pale ulipoandika kwamba ulifurahi, alinisimamisha, akanitaka nirudie. Nikarudia. Nikamwambia akitaka kurudi kwako nitamsindikiza mwenyewe, hata roho ikiniuma.

Atakuja Jumamosi saa nne asubuhi kuchukua nguo zake na cherehani. Anaomba usiwe nyumbani. Hilo ni neno lake, si langu. Mimi ningependa uwepo, uone anavyoondoka.

Ndugu yake Philister,
Nashon